Uji wa Wasio na Mtu

Sensa ya Vietnam ya mwaka 2019 ilihesabu watu milioni 96.2. Kati yao, waliosema wana dini walikuwa milioni 13.2 tu: Wakatoliki karibu milioni 5.9, Wabudha milioni 4.6, na waliosalia wakagawana Uprotestanti, Hòa Hảo, Cao Đài na madhehebu mengine madogo. Kwa hesabu hiyo, katika kila watu kumi, zaidi ya wanane hawana dini. Msafiri anayeingia Hanoi na takwimu hizo kichwani atapata taabu kuwaona hao wanane. Siku ya kwanza na ya kumi na tano ya kila mwezi mwandamo, katika mitaa ya zamani iliyo kaskazini mwa ziwa la Hoàn Kiếm, ubani unafuka mbele ya maduka ya simu, saluni, karakana za pikipiki na vibanda vya supu ya tambi. Sakafuni, karibu na mlango, pana kijumba chekundu chenye vitaa vya umeme, na ndani yake wameketi wazee wawili wa udongo: mungu wa ardhi, mnene, kitambi nje, anacheka, na mungu wa mali aliyeshika kipande chake cha dhahabu. Mbele yao kuna vikombe vya maji, matunda, pengine sigara iliyowashwa na kahawa. Mwenye duka anainama, anachomeka vijiti vya ubani, ananong'ona maneno mawili matatu, kisha anarudi kumpimisha mteja viatu. Mtu huyu alipoulizwa na karani wa sensa alijibu kwamba hana dini, na hakusema uongo.

Kuna njia mbili za haraka za kulimaliza jambo hili, na hakuna inayotosha. Ya kwanza husema Wavietnam wana dini ila hawajitambui, au wanaificha kwa kuiogopa serikali. Ya pili husema huo ni ushirikina tu, mabaki ya zamani ambayo shule na fedha vitayafagia. Wasemaji hao wawili hugombana sana, lakini kuna jambo walilokubaliana kabla hata ya kuanza kugombana: kwamba ibada huanza na fikra. Kwanza mtu anasadiki kuwa roho ipo. Kwa kuwa anasadiki, anaipa chakula. Akiacha kusadiki, mkono nao utaacha kutoa. Mimi nadai kwamba maisha ya mitaa ya Vietnam yanaonyesha mpangilio mwingine. Wapo watu ambao kwao wajibu ndio hutangulia, na imani, ikija, huja nyuma yake tena kwa viwango mbalimbali hata ndani ya nyumba moja. Wajibu wenyewe ni kwa wafu, wakiwemo wafu wasiowahusu kwa damu, na ushahidi wake mzuri hauhitaji kutafutwa kwenye pagoda. Uko pembezoni mwa barabara, pale pale wanapoegesha pikipiki.

Nyumba ya kawaida ya Hanoi ya zamani ni nyembamba na ndefu, mbele duka, nyuma na juu makazi. Mahali pa heshima ndani ndipo penye madhabahu ya wahenga: picha za babu na bibi, chungu cha ubani, matunda, chupa ya pombe. Wafu hao wana majina na tarehe za kufa. Kila mwaka tarehe ikifika, watoto na wajukuu hukusanyika, hupika, huwakaribisha kwanza wazee wao, kisha wenyewe hula. Hakuna cha kushangaza sana hapo. Ni watu wachache duniani wasiojua kumkumbuka mzazi. Lakini katika mwezi wa saba wa kalenda ya mwezi, hasa inapokaribia siku ya kumi na tano, hutolewa chakula kingine, na hiki hakiwekwi ndani. Kinashushwa mpaka kizingitini au kwenye njia ya miguu: sinia lenye vibakuli vya uji mwepesi wa mchele, bisi, viazi vitamu vya kuchemsha, vipande vya muwa, peremende, chumvi na mchele mkavu, pamoja na nguo za karatasi. Uji lazima uwe mwepesi, maana wanaoandaliwa, kwa mapokeo ya Kibudha, wana njaa kubwa na koo nyembamba kama sindano. Ubani ukiteketea, chumvi na mchele hurushwa huku na huko, na karatasi huchomwa ndani ya pipa la bati lenye matundu. Wageni hawa hawaitwi kwa majina kwa kuwa hakuna anayeyajua. Ni waliokufa njiani, waliokufa vibaya, waliokufa bila kuacha mtoto wa kuwawashia ubani. Mwanaanthropolojia Heonik Kwon, ambaye mwaka 2008 alitoa kitabu kuhusu mizimu ya vita huko Vietnam, alionyesha jinsi mtu yule yule anavyoinama kuelekea ndani kwa wahenga wake, kisha akageuka na kuinama kuelekea barabarani kwa wasio wake. Miongoni mwa hao wa barabarani wamo hata askari wa kigeni waliokufa wakiishambulia nchi hiyo hiyo.

Kabla ya kubishana kama roho hizo zipo, inafaa kuuliza ni za nani, na hapo Hanoi ina jibu lisilohitaji imani yoyote. Katika njaa kuu iliyofikia kilele mwaka 1945, nchi ikiwa chini ya Wafaransa na Wajapani, wakulima wa kaskazini waliingia mjini kutafuta chakula wakafia barabarani. Mikokoteni ilipita ikizoa maiti kwenda kuzikwa pamoja. Makadirio ya waliokufa kaskazini nzima huanzia mamia ya maelfu hadi milioni 2. Usiku wa tarehe 26 Desemba 1972 ndege za Marekani za B-52 ziliupiga mtaa wa Khâm Thiên na kuua watu wanaokaribia 300. Mtaa huo leo una sanamu ya mama aliyembeba mtoto aliyekufa, na wakazi wana kumbukumbu moja ya pamoja, kwa kuwa marehemu wa nyumba nyingi wana tarehe moja. Mbali na mji, vita vilivyofuatana kwa miaka thelathini viliacha mamia ya maelfu ya askari ambao ama mabaki yao hayajaonekana, ama wamelala chini ya mawe yasiyo na majina. Na si kwamba fikra hiyo ilizaliwa na vita hivyo. Mshairi mkuu wa Vietnam, Nguyễn Du, aliyeishi kati ya 1765 na 1820, alikuwa amekwisha kutunga ombolezo refu la kuwaita wafu wa namna hii, ambalo bado husomwa katika ibada za mwezi wa saba. Humo amewaweka safu moja majenerali walioshindwa, wafanyabiashara waliofia ugenini, makahaba waliozeeka bila mtu, ombaomba na watoto wachanga. Orodha yake haina sharti la wema. Serikali nayo ina orodha ya wafu wake: tarehe 27 Julai huwakumbuka mashahidi wa mapinduzi, na familia zao hutundika ukutani hati ya shukrani ya taifa. Hati hiyo haikutolewa kwa vijana waliokufa wakiwa na sare ya jeshi la Vietnam ya Kusini. Sinia la barabarani halina karani wa kukagua sare; anayekuja, anakula.

Hapo ndipo ninapoitia uzito hoja yangu. Deni kwa mzazi linaweza kuelezwa kwa mapenzi, kwa urithi, au kwa matumaini kwamba nawe watoto wako watakutendea hivyo hivyo. Deni kwa mtu usiyemjua jina, usiyerithi kwake chochote, wala asiye na mtoto wa kukushukuru, halielezeki hivyo. Linaelezeka kwa jambo moja tu: kwamba yeye alianguka mahali ambapo wewe leo umeweka meza na unauza. Hakuna aliyelikubali deni hilo kwa sahihi, wala hakuna mahakama ya kulidai. Lipo kwa sababu mmepita njia moja, mmoja akafika na mwingine hakufika. Hili ni dai la maadili kabla halijawa dai la elimu ya roho, na linaweza kushikwa na mtu anayesadiki mizimu, asiyeisadiki, na yule wa katikati, ambako, nadhani, ndiko tuliko wengi wetu.

Atasema mtu kwamba nimeivisha hofu joho la maadili. Mfanyabiashara halishi roho kwa huruma. Anaogopa zitamharibia biashara. Pingamizi hili lina nguvu na sitalipuuza. Ni kweli kwamba mwezi wa saba huogopwa: wengi huahirisha kununua gari, kuhamia nyumba mpya au kufungua duka mpaka mwezi upite. Ni kweli pia kwamba tamaa haijifichi. Siku ya kumi ya mwezi wa kwanza, sikukuu ya mungu wa mali, watu hupanga foleni tangu alfajiri mbele ya maduka ya sonara ili kununua japo kipande kidogo cha dhahabu, na sioni kwamba kuna fumbo la kiroho la kuchimbua pale. Lakini mitaa hiyo hiyo inatupa njia ya kuipima hofu. Wachuuzi wa Hanoi huamini kwamba mteja wa kwanza wa siku ndiye huamua bahati ya siku nzima. Akija mtu asubuhi, akapapasa bidhaa zote, akapunguza bei mpaka mwisho, kisha akaondoka bila kununua, mchuuzi huwasha kipande cha karatasi na kukizungusha juu ya bidhaa zake, hata nyuma ya mgongo wa mteja, ili kuufukuza mkosi alioacha. Hivyo ndivyo hofu inavyofanya kazi ikiwa peke yake: inafukuza, na kwa gharama ya kiberiti kimoja. Mchuuzi huyo anayo mbinu ya kufukuza na anaitumia bila haya. Kwa roho zenye njaa haitumii, anazipikia. Anafikiria ukubwa wa koo zao. Anatia peremende kwa sababu wamo watoto. Aliye na hofu tu hachagui njia yenye kazi nyingi kuliko ile aliyo nayo tayari mkononi. Hofu imo ndani ya sinia, sikatai, kama ilivyomo ndani ya heshima nyingi tunazozisifu, lakini haitoshi kueleza uji.

Pingamizi la pili ni la ndani zaidi. Kama mwenye sinia hasadiki kwamba kuna anayekula, basi anaigiza. Na ibada ya kuigiza ni unafiki. Wachina wa kale walikwisha kulijadili jambo hili, na Vietnam, iliyowapima maofisa wake kwa vitabu vya Confucius kuanzia 1075 hadi 1919, ilirithi mjadala wenyewe. Hekalu la Confucius la Hanoi, lililojengwa mwaka 1070, lipo hadi leo. Xunzi, mwanafalsafa wa karne ya 3 kabla ya Kristo, alitoa jibu la wazi: kwa mwenye hekima sadaka kwa wafu ni njia ya kibinadamu ya kuipa huzuni na kumbukumbu umbo lake, na kwa watu wa kawaida ni kuihudumia mizimu. Jibu hilo linanisaidia nusu. Linaonyesha kwamba kitendo kinaweza kuwa na maana kamili bila ya nadharia ya kuzimu. Lakini lina kiburi cha msomi: linawagawa watu kuwa wanaojua na wasiojua, ilhali mpaka huo ukiuchunguza barabarani haupiti kati ya mtu na mtu. Unapita ndani ya mtu mmoja. Muuza chai anaweza kukuambia kwa sauti ile ile kwamba mtu akifa amekwisha, na kwamba sinia lisipotolewa leo si vizuri. Haoni mgongano, nami sioni kwa nini auone. Kijana wa Kiswahili anayemwambia mzee shikamoo hapimwi kwanza moyoni kama heshima imejaa kiasi gani. Siku nyingine anaitamka akiwa na haraka, siku nyingine mzee mwenyewe hastahili, na bado hatumwiti mnafiki. Unafiki ni kutoa salamu ili kuficha ubaya unaoupanga. Kuitoa ilhali moyo uko mbali ni uaminifu wa aina yake: mtu anashika ahadi iliyowekwa kabla yake, siku ambayo hana hamu nayo.

Msomaji wetu Mwislamu au Mkristo atakuwa ameshaanza kukunja uso, na ana haki. Kwake yeye swali la kwanza ni nani anayestahili kuabudiwa, na chungu cha ubani mbele ya mzee wa udongo tayari kimevuka mpaka. Sitajaribu kumshawishi auvuke. Ninachosema ni kwamba ndani ya Vietnam yenyewe swali hilo limewahi kuulizwa kwa ukali, na jibu lake halikukaa mahali pamoja. Mwaka 1742 Papa Benedikto XIV alifunga mjadala wa ibada za Kichina kwa kuzipiga marufuku, na marufuku hiyo ikawabana pia Wakatoliki wa Vietnam: aliyebatizwa alipaswa kuiacha madhabahu ya baba yake, na jirani zake wakamwona mtoto asiye na shukrani. Mwaka 1939 Roma ililegeza kwa China. Vietnam ikapata ruhusa mwaka 1964, na mwaka uliofuata maaskofu wake wakatoa mwongozo. Kuinama na kuwasha ubani mbele ya picha ya wazazi kukahesabiwa kuwa heshima ya kijamii, isipokuwa yale yaliyoonekana ya kishirikina, kama kuchoma karatasi za fedha. Suluhisho hilo ni la busara, ila tazama limemwacha nani nje. Limemrudishia mwamini babu yake na mashujaa wa taifa. Yule aliyefia kwenye mtaro akiwa hana babu wala mjukuu hawezi kuingia kwa mlango wa heshima ya ukoo. Sisi nasi, katika hitima na katika misa za marehemu, tunajua kumwombea aliye wetu kwa jina lake. Waumini wa dini hizi mbili wana pia sala za jumla kwa wafu wote, na huenda hapo ndipo wanapolikaribia sinia la Hanoi kuliko wanavyodhani. Tofauti ni kwamba sala ya jumla haigharimu hata kikombe cha mchele, na haiweki kitu chochote njiani ambacho mpita njia atalazimika kukizunguka.

Gharama ndiyo imeleta ugomvi mpya, na safari hii wagomvi ni Wabudha wenyewe. Anayepita mtaa wa Hàng Mã, ambao biashara yake ni vitu vya karatasi, atakuta marehemu wanauziwa nyumba za ghorofa, pikipiki, simu za kisasa, suti, na mabunda ya dola. Februari 2018 Shirikisho la Wabudha la Vietnam lilitoa wito wa kuacha kuchoma karatasi hizo katika mahekalu, likisema desturi hiyo haina msingi katika mafundisho ya Budha na ni upotevu. Katika jambo hili nasimama na watawa. Karatasi ya dola huwavuta wafu kwenye mashindano yetu ya kuonyeshana mali: mwenye fedha humpelekea baba yake gari, na maskini huona aibu. Moshi wake unaingia kwenye mapafu ya jirani, na mara nyingine nyumba huungua. Wito huo hauugusi uji. Uji ni chakula cha bei rahisi kuliko vyote jikoni, hauna daraja la juu wala la chini, na hauwezi kuonyeshea mtu fahari. Huko kusini, katika mji wa Hồ Chí Minh, chakula hicho hakifiki hata kupoa: ubani ukikaribia kwisha, watoto na vijana wa mtaani huvamia na kunyang'anyana peremende, matunda na sarafu, na wenye nyumba wengi hufurahi, maana kunyang'anywa ni dalili njema. Wako wanaolalamika kwamba siku hizi wanyang'anyi wamekuwa magenge ya watu wazima wanaosukumana hadi ndani ya duka, na malalamiko yao ni ya haki. Hata hivyo utaratibu wa awali umejaa akili. Aliyekaribishwa ni mfu asiye na mtu, aliyekula ni aliye hai asiye na kitu, na mwenye sinia haoni kwamba ameibiwa.

Wito wa watawa haukuwa pigo la kwanza kwa desturi hizi. Baada ya 1954, serikali ya Kaskazini ilipiga vita ushirikina kwa miaka mingi, ikakosoa karamu za wafu na karatasi za kuchoma, na majukwaa yakahubiri sayansi. Mageuzi ya uchumi yaliyoanza mwaka 1986 yalipofungua maduka, vijumba vyekundu vilirudi pamoja na bidhaa. Wapo wanaosoma historia hiyo kama ushindi wa imani iliyokuwa imejificha chini ya ardhi. Mimi naisoma kwa tahadhari zaidi: mafundisho ya serikali yalishindana na rai za watu kuhusu roho, na huenda rai nyingi yalizibadilisha kweli, lakini deni halikuwa rai, kwa hiyo halikubadilishwa kwa mafundisho. Hata mapinduzi yenyewe hayakuweza kumwacha kiongozi wake bila ubani, na pagoda kadhaa leo zina picha ya Hồ Chí Minh juu ya madhabahu, jambo ambalo sijui yeye angelisemaje.

Jaribio gumu zaidi linakuja sasa, na halina itikadi. Hanoi inapanda juu. Familia zilizotoka kwenye nyumba nyembamba za mtaani zinahamia majengo ya ghorofa nyingi, kama yale yaliyosongamana Linh Đàm, ambako mlango wa nyumba hufungukia ukumbi, ukumbi hufungukia lifti, na barabara iko mbali chini. Wahenga wanahama bila shida. Rafu moja sebuleni inawatosha. Wale wengine hawana pa kukaribishwa, kwa sababu ukumbi wa ghorofa ya 20 si njia ya mtu yeyote. Katika majengo mengi wasimamizi wameweka uani tanuru la pamoja, na mwezi wa saba wakazi hushuka na masinia yao kwa lifti, wakipanga zamu na kuangaliana kwa pembe ya jicho kuona nani kaleta nini. Hakuna mgeni aliyewahi kufia mlangoni pao, wala hawana duka la kuharibiwa, na bado wanashuka. Kama siku moja watoto wao wataacha kushuka, nitaitafuta sababu kwenye ramani ya jengo kabla sijaitafuta kwenye imani yao.